Wasomaji wa Ginka

Ginka Bozhilova si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, kwa sababu najua nitakavyomsema mbele.

Alikuwa mtunza maktaba hapa kijijini kwetu Dolno Vranovo mpaka wasomaji walipokwisha. Wengine walikwenda Hispania na Italia, wengine wakaenda makaburini. Maktaba ilipofungwa alikaa nyumbani akinuna, mjane asiye na mtoto, mpaka mpwa wake alipokuja kutoka mjini akamfungulia blogu. "Shangazi, andika humu," akamwambia, "sisi masikio yanatuuma."

Basi akaandika. Akaandika mbuzi wa kasisi aliyeingia kanisani katikati ya ibada. Akaandika duka langu na mizani yangu, ambayo eti ina uzito wake binafsi. Waliohama wakaanza kusoma na kumjibu, na Ginka akafufuka. Alikuwa akiingia dukani, mkate mkononi ameshausahau.

"Dafina! Leo watu wangu wamenisoma mpaka Chicago!"

"Watu wako? Wamekuzaa hao?"

"We cheka tu. Mwenzio ana watu."

Halafu mzee Kamen akafia nyumbani kwake wakati wa theluji, asijulikane mpaka njia ilipozibuliwa. Ginka akaliandika hilo kama lilivyokuwa. Majibu yakanyauka. Mama mmoja wa Chicago akamwambia, "Hapa tunakuja kupumua, Ginka. Vifo tunavyo vya kutosha." Ginka alilia kama kafukuzwa kazi mara ya pili. Tangu hapo akawa anaandika vitamu tu. Nyumba ikianguka, anaandika ua lililochanua ukutani.

"Lazima nimfikirie msomaji," aliniambia. "Mtu katoka kazini amechoka, nimpe msiba?"

"Basi mpe pipi, umuoze meno," nikamjibu. Akanuna siku kadhaa.

Waliyempenda wasomaji kuliko wote ni Bibi Tonka, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kikongwe mwenye mdomo kunishinda. Mwanawe wa pekee, Plamen, anaendesha lori la machungwa huko Valencia. Kila Ginka akimwandika mama yake, Plamen ndiye wa kwanza kujibu.

Mwezi wa nane Tonka akaanguka uani, nyonga ikavunjika. Daktari akasema moyo wake hautahimili kisu, arudishwe nyumbani. Akarudi, akalala, na akazidi kupungua. Mimi nilipeleka supu, Ginka alimwogesha na kumgeuza. Alifanya hayo kwa moyo wake wote, simnyimi haki yake.

Siku moja tulikuwepo wote wawili, Tonka akasema, "Ginka, niandike humo ndani. Andika kwamba sisimami tena. Plamen asome, aje."

"Si umpigie simu, bibi?" nikauliza.

"Nimpigie nimwambie nini, we mwanamke? Nikisikia sauti yake, ulimi unasema wenyewe, 'Mzima, mwanangu.' Miaka yote nimemwambia mzima, na wala haniamini tena. Ya Ginka anayaamini."

"Nitaandika, bibi," Ginka akasema, akamfunika miguu.

Ukafika msimu wa kuchoma hoho. Kijiji chote kilijaa moshi, kila ua una moto, wanawake wanamenya maganda vidole vimewiva, kisha wanasonga rojo la kuweka akiba ya majira ya baridi kwenye sufuria kubwa. Ginka akaandika. Nilimwona dirishani kwake anaandika, nikajua kazi imefanyika. Mimi blogu siisomi, macho yangu yanaishia kwenye mizani.

Jumapili Plamen akapiga simu. Nilikuwa nimeishika mimi, nimeiweka sikioni mwa mama yake, na sauti ilitoka yote chumbani.

"Mama! Nimesoma ya Ginka! Nimecheka peke yangu ndani ya lori kama mwehu. Wewe chuma, mama!"

"Umesoma, mwanangu?"

"Nimesoma yote!"

Simu ilipokatika, Tonka alikuwa anatokwa na machozi huku anatabasamu. "Amesoma," akaniambia. "Umemsikia anavyojichekesha ili nisiogope? Atakuja bila kuaga, ndivyo alivyo. Msimsumbue tena." Nami nikaamini, mjinga mimi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya basi la kutoka mjini kupita, ilikuwa lazima nimchane nywele na kumfunga kitambaa safi. Basi likipita bila kusimama, alikuwa anasema, "Hajapewa ruhusa tu," na kugeuza uso ukutani.

Alikufa baridi ilipoanza kuuma, na kasisi akampigia Plamen simu.

Plamen alikuja kwa ndege na teksi, akalikuta tangazo la msiba limebandikwa getini, picha ya mama yake imezungushiwa mstari mweusi. Alisimama akilisoma kana kwamba hajui kusoma. Tukazika. Baadaye tukakaa uani, ngano ya sukari ya msibani inapita mkono kwa mkono, pombe kali ya rakia inamiminwa, na yeye akauliza, "Alianguka jana, au juzi?"

"Juzi gani?" nikasema. "Amelala tangu mwezi wa nane. Si umesoma?"

Akanitazama. Akatoa simu mfukoni, akasoma kwa sauti: "Leo Bibi Tonka amekunja mikono ya gauni, anasonga hoho uani kwa mwiko mrefu kuliko yeye, na jogoo akisogea anatukanwa." Kisha akatuonyesha picha. Ilikuwa ya mwaka juzi. Gauni lenyewe Tonka alikuwa ameshaligawa.

Ginka alikuwa ameshika bakuli, ngano inamwagika asijue.

"Nilianza," akasema. "Nilianza kuandika ukweli, Plamen, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Nikasema niwape kwanza kitu kizuri, wasikimbie, halafu wiki ijayo..."

"Kina nani wasikimbie?"

Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nikabwata lisilobwatwa. "Alikungoja, Plamen! Kila asubuhi nilimchana nywele. Alijua umesoma, alijua unakuja!"

Rangi ikamtoka usoni. Nadhani alikuwa anaisikia upya simu ile ya Jumapili. Hakumgombeza Ginka, wala hakumgusa. Alimwambia tu, "Sasa andika. Usipambe hata neno moja," akaingia ndani ya nyumba ya mama yake na kufunga mlango.

Ginka akaandika. Kitanda, vidonda vya mgongoni, nywele, basi, ombi la bibi na yeye alivyolifanya. Hakujipunguzia hata kidogo. Asubuhi yake alikuja dukani na simu mkononi, uso umemvimba.

"Wamekutukana?" nikamuuliza, maana alishindwa kuanza. "Wamekukimbia?"

"Hajakimbia hata mmoja. Hawajawahi kuwa wengi namna hii."

"Sasa unalia nini?"

Akanisomea jibu moja, la mwanamke ambaye hatujawahi kumsikia, aliyekuwa akisoma miaka yote kimyakimya: "Bi Ginka, mimi naishi Valencia, mtaa mmoja na Plamen. Lori lake analiegesha chini ya dirisha langu. Ungeandika siku ile, ningeshuka na kandambili nikamwite."

Alipomaliza kusoma akakaa juu ya gunia la unga, akaweka mikono magotini. Wateja walikuwa wanangoja. Mimi, mwenye neno kwa kila mtu hapa kijijini, nikarudi kwenye mizani nikaanza kuwapimia.