Makofi Niliyoyafuta

Siku ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko nyingine zote ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, katika kibanda cha kurekodi kaseti pale Mbale. Mwanangu, wewe hukuvikuta vibanda hivyo, kwa hiyo nikueleze kwanza. Mteja alileta kaseti tupu na orodha ya nyimbo anazozitaka. Sisi tulikuwa na santuri na kaseti nyingi kwenye rafu, na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya. Moja ilipiga, nyingine ilirekodi. Kazi ilikuwa ndiyo hiyo.

Mwenye kibanda alikuwa Afande Opolot, mwanajeshi mstaafu kutoka Teso, aliyejifunza ufundi wa redio jeshini. Tulizungumza Kiswahili chake cha kambini, kwa kuwa mimi sikujua Kiteso na Kigisu kilimshinda yeye. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ufundi niliusoma mwenyewe katika vitabu vya mitumba, na mjini nilikuwa na sifa moja: kaseti zangu hazikuwa na mapengo. Wimbo ukielekea kuisha, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Makofi, vikohozi na maneno ya mwimbaji nilivipitisha bila kuvirekodi, na wimbo uliofuata ukaingia palepale. Wenye baa za Namatala walinitafuta kwa jina, kwa sababu kaseti yangu ilikuwa na nyimbo mbili zaidi ya kaseti ya mtu mwingine. Nilijivuna, sikufichi.

Jumatatu ya wiki hiyo alikuja Mzee Kirpal, Singasinga wa Jinja, fundi wa mashine za kusaga aliyefika Mbale kila wiki kuhudumia vinu. Alitoa kaseti moja mfukoni. Redio yake ilikuwa imeila, na utepe ulining'inia nje kama utumbo wa kuku. Ilikuwa albamu ya bendi ya roki ya Kiingereza, iliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu, enzi zile vijana wa huko walipofuga nywele hadi mabegani. Alitaka tuitengeneze, kisha tuinakili kwenye kaseti mpya.

"Mke yangu anataka kusikia," alisema. "Jumatatu ijayo tunaenda Kampala, hospitali. Watapasua tumbo. Anaogopa. Amesema, leta ile kaseti kwanza."

Jumanne sikuwepo kazini. Nilikwenda Busiu kumzika mjomba wangu. Niliporudi Jumatano, nilikuta Afande ameshaunganisha utepe, na kaseti imewekwa juu ya meza yangu. Nikavaa hedifoni, nikaanza.

Muziki ulinishika, mwanangu. Gitaa lilikuwa moja tu, lakini lilijaza ukumbi wote, na besi ilitembea chini yake kwa hatua ndefu bila haraka. Ila mimi nilisikiliza kama mtu anayechambua mchele. Mwimbaji alisahau maneno katikati ya wimbo, na watu wakamwimbia: nikakata. Mpiga ngoma alianza kabla ya wenzake, akasimama, ukumbi mzima ukamcheka: nikakata. Kulikuwa na mtu mmoja anayepiga mluzi vibaya tangu mwanzo hadi mwisho, na kila nilipoweza kumkata nilimkata. Nilipomaliza nilikuwa na kaseti safi kama chumba kilichodekiwa. Kisha nikaona nimwongezee mzee hisani. Nikaichukua kaseti yake ya zamani, nikaifuta, nikaijaza nyimbo zilezile safi, ili awe na nakala mbili. Vibandani tulifanya hivyo kila siku, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Ijumaa Mzee Kirpal akaja. Nikampa kiti na hedifoni, nikasimama kando nikisubiri sifa. Alisikiliza wimbo wa kwanza akitikisa kichwa. Ulipoingia wa pili, kichwa kikasimama.

"Kijana, watu iko wapi?"

"Watu gani, mzee?"

"Watu ya makofi. Yule wa mluzi. Iko wapi?"

"Nimewatoa, mzee. Walikuwa wanaharibu. Sasa ni safi."

"Safi," alirudia taratibu. "Sawa. Nipe ile yangu ya zamani."

Nikamwambia ukweli: hata ile ilikuwa safi. Alivua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndizo zilizoumia.

"Mimi na mke yangu tulikuwa ndani ya ile watu," alisema.

Akanieleza kwa maneno machache. Wahindi walipofukuzwa Uganda, wao wawili walifikia Uingereza na sanduku moja, wakiwa wamefunga ndoa karibuni. Hawakumjua mtu. Jumamosi moja, kijana waliyefanya naye kazi kiwandani aliwapeleka kuisikiliza bendi hiyo, na humo ukumbini ndimo mke wake alimocheka kwa mara ya kwanza tangu watoke Jinja. Baadaye waliposikia kwamba muziki wa siku ile umetolewa, walinunua kaseti na kuitunza miaka yote, mpaka waliporudi nyumbani. Alimaliza kusema, akachukua begi lake la spana, akaondoka bila kugomba. Laiti angegomba.

Afande alikuwa nyuma ya pazia akichomelea waya. Alikuwa amesikia yote.

"Nani alikuambia kelele ya watu ni uchafu?"

"Afande, nilitaka kumfurahisha."

"Hapana. Ulitaka kufurahisha kidole yako."

Akilini nilimwona mke wa mzee huko Jinja akisubiri, na Jumatatu ikija. Nilianza kuhesabu kichwani ni nani Uganda nzima angeweza kuwa na albamu ile, nikakosa hata mtu mmoja. Afande akaweka chini chuma chake cha kuchomelea, akafungua droo, akatoa kaseti iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: KIRPAL – YOTE.

"Utepe ukiungwa," alisema, "siku ya kwanza unapiga, siku ya pili unakatika tena. Kwa hiyo unarekodi ile siku ya kwanza, yote, hata kikohozi. Jeshini tulifanya hivyo. Jumanne nimefanya hivyo."

Nikakaa juu ya kreti ya betri. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi kutoka mgongoni.

"Mbona hukuniambia, Afande?"

"Wewe uliniuliza?"

Kisha akanipa adhabu yangu. Kesho yake niipeleke kaseti Jinja mwenyewe, na nimweleze mama kwa mdomo wangu nilichokifanya. Nilimsihi anipunguzie hilo la pili, akakataa.

Jumamosi nilifika nyumbani kwao kabla ya chakula cha mchana. Mzee Kirpal alinifungulia mlango, na mama alikuwa amekaa kitini, shali begani, mwembamba sana. Nilisimama katikati ya sebule nikaungama. Akasema, "Wewe ndiye umefukuza watu wote ukumbini? Peke yako? Kaa chini, mwanangu. Weka kaseti."

Tukasikiliza wote watatu, na mimi nikaisikia albamu ile kwa mara ya kwanza. Katika ule wimbo ambao mwimbaji alisahau maneno, mimi nilikuwa nimeunganisha ubeti wa kwanza na wa tatu nikajipongeza. Sasa nikasikia kilichokuwa katikati. Gitaa linagundua kwamba mwimbaji amepotea, linarudia kipande kilekile na kumsubiri. Mtu mmoja ukumbini anaanza kuimba, kisha kumi, kisha wote. Ngoma inaingia chini yao polepole, isiwafunike. Mwimbaji anaporudi, sauti yake inatetemeka kidogo. Tangu hapo nimesikiliza albamu nyingi za bendi hiyo zilizorekodiwa studio, na katika zote sijaisikia bendi ikisikiliza watu wake namna ile.

Mluzi ulipolia, mama alimgeukia mumewe.

"Huyo ni wewe."

"Si mimi. Mimi nilikuwa nimenyamaza."

"Wewe, kunyamaza? Tangu lini?"

Akacheka mpaka akashika ubavu, na Mzee Kirpal akanikonyeza. Jumatatu walikwenda Kampala. Wiki tatu baadaye mzee alipita kibandani akasimama mlangoni. "Amerudi," alisema. "Anapika tayari, na anagombana." Afande alimkaribisha chai. Mimi niliingia nyuma ya pazia nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu ile Ijumaa.

Siku hizi albamu ile ninayo kwenye simu, yote, na huisikiliza kila mwaka. Nawaona ninyi vijana mkikata video, mkifuta kelele kwenye rekodi za harusi na za kwaya kwa kompyuta zenye uwezo mkubwa kuliko mashine zetu. Kazi ni nzuri. Lakini mtu akikukabidhi kitu chake, muulize kwanza anakipendea nini, kwa sababu unachokiona wewe ni takataka huenda ndicho alichokitunza. Kabla hujagusa, weka nakala ya vyote. Na ukikosea, nenda ukamwambie mwenyewe, uso kwa uso, mapema, hata kama umeshapata njia ya kurekebisha. Mimi niliokolewa na uangalifu wa mtu mwingine. Wewe usiutegemee, uwe nao.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi na masikio yenye subira, mwanangu. Akuweke karibu na watu watakaokukemea ungali na nafasi ya kurekebisha, na kazi yako iwarudishie wenye vitu vyao furaha yao nzima, bila kupungua.