Kahawa Aliyonyimwa Kache

Kache Thoya alinunua kompyuta yake kwangu Makupa, siku nilipokuwa nikiuza mashine kuukuu za maofisini. Nilimtajia bei, akaketi. Akaniambia kioo kina ukungu, herufi mbili hazibonyezeki, na mteja mwingine sina. Yote kweli. Jioni aliondoka nayo kwa bei yake, na mkokoteni nikalipa mimi. Tangu hapo nikamheshimu.

Alikuwa karani bandarini, amepanga chumba Kibokoni. Sataranji alifunzwa na mwenye nyumba wake, mzee aliyecheza barazani kila baada ya swala ya alasiri. Pale kuna ada: aliyefungwa humtilia kahawa aliyemfunga, kwa mkono wake, mbele ya watu. Kache akaandika programu ya kuifanya ile mashine icheze yenyewe.

Mwaka wa tisini na tano klabu moja ya Kizingo ikaandaa mashindano ya programu hizo. Mtu hafikiri, husogeza tu kete vile mashine yake inavyomwambia. Kwenye fainali Kache alikutana na Oliver, mhandisi wa meli mwenye kompyuta mpya. Oliver alikuwa anashinda waziwazi, mara mashine yake ikaganda. Muda ukamwishia, Kache akapewa kombe. Kahawa hakutiliwa.

Mtaa mzima ukamwita Bi Bahati, hata muuza kahawa. Kache akaja dukani kwangu kulalamika. Nikamwambia kombe lile alipewa na bahati, asijidanganye. Akasema anajua, anachotaka sasa ni ushindi ambao hata Oliver hataubishia.

Nikamweleza nilivyokuwa nikiuza mbata, nazi zilizokaushwa. Mteja akiishuku mizani yangu sibishani naye: nahamishia mbata upande wa jiwe la kupimia, na jiwe upande wa mbata. Mizani ya haki haijali. Kache akaondoka bila hata kuaga.

Mwaka uliofuata fainali ikawa ni wao tena. Kabla kete hazijapangwa, Kache akaomba wacheze mara mbili, na mara ya pili wabadilishane kompyuta, kila mmoja abaki na programu yake.

"Na ikiganda?" Oliver akauliza.

"Tunaiwasha upya, mchezo unaendelea ulipokomea. Cha bure chako nishakionja, Bwana Oliver. Hakina ladha."

Watu wakacheka. Oliver akakubali; angekataa vipi?

Mchezo wa kwanza, ile mashine kuukuu niliyomuuzia ilibanwa mpaka pembeni. Lakini Kache alikuwa ameifunza ubishi wa wazee wa barazani, wale wasiokubali kufungwa hata wakibaki na mfalme na askari mmoja. Ikang'ang'ana hadi sare.

Wakabadilishana. Katikati ya mchezo wa pili, kompyuta ya Oliver ikaganda tena, safari hii mikononi mwa Kache, naye ndiye aliyekuwa mbele. Kwa kanuni ya mwaka uliotangulia Oliver angeweza kudai ushindi, lakini sharti alikuwa ameshalikubali. Akanyoosha mkono, akaiwasha mwenyewe. Mchezo ukaendelea ulipokomea, na askari wa Kache akatembea hadi mwisho wa ubao, akawa malkia. Mfalme wa Oliver akakosa pa kukimbilia: amefungwa.

Kesho yake alasiri Oliver alikuja barazani Kibokoni kwa miguu. Ada alikwisha kuisikia, hakungoja kuambiwa. Akalichukua dele, lile birika la shaba, kwa muuza kahawa, akainama mbele ya Kache na kumtilia kikombe.

"Hiki umekitolea jasho, dada."

"Jaza," Kache akasema. "Na cha mwaka jana usikitie. Hicho sikukidai."