Mkono wa Kaka Kwenye Sahani

Juzi, kwa mama lishe wa Mchikichini, nilimkuta kaka yangu Idi akila samaki huku mkono wa kushoto umeizingira sahani yake. Harufu ile ya samaki wa kukaanga ikanirudisha kwenye alasiri tuliyotenganishwa, baada ya arobaini ya mama.

Mjomba alimchukua Idi akaishi kwake Upanga, ghorofani, kwenye nyumba yenye televisheni. Mimi nilichukuliwa na Mama Zuhura, mpangaji mwenzetu pale Kariakoo. Nililia kwa wivu.

"Baki na kunguni wako!" Idi alinitania, akipanda bajaji.

Mama Zuhura alitandika mkeka, akaweka sinia moja katikati ya wanawe, akanisogezea mnofu mkubwa wa samaki.

"Kula taratibu, mwanangu. Hapa hatugombanii."

Nilidhani yeye hapendi samaki. Sasa najua kwamba kwenye sinia lile nilijifunza kuamini kuwa chakula kitanifikia. Kumbe kule kwa mjomba, Idi alikuwa akila mabaki, amesimama jikoni, akiwahi kabla hajanyang'anywa.

"Kaka, tule wote," nilimwambia juzi, nikiketi karibu yake.

Alitabasamu, kisha akaivuta sahani kifuani.