Raketi ya Dada Mnadani

Dada alirudi nyumbani Usa River akiwa na begi la raketi na goti bovu. Yeye ni mchezaji tenisi wa kulipwa, ingawa hilo neno "kulipwa" humchekesha mama mpaka atafute pa kukaa. Amezunguka Nairobi, Kairo, Tunisia, akitolewa raundi ya kwanza, akijitahidi sana ya pili. Shuleni, huko kidato cha tatu, mimi huwaambia watu kwamba dada yangu ni mtalii anayetoka jasho.

Alfajiri alikuwa akigonga mpira kwenye ukuta wa ghala la shamba la maua. Nikiwa bado kitandani, mlio ule uliniingia usingizini, tu, tu, tu, na nikawa naota Mlima Meru umevua mawingu, umekaa upande wa pili wa wavu, unamrudishia dada mipira taratibu kama usio na haja ya kushinda. Nikiamka nakuta ukungu umefika dirishani, nisijue ndoto imeishia wapi.

Asubuhi moja ukuta ukanyamaza. Nikamkuta dada barazani, kashika chai mpaka imepoa. Wiki iliyofuata kulikuwa na mashindano Nairobi na alikuwa ameshaandikishwa, lakini akaniambia haendi, wala hachezi tena. Goti lilikuwa limepona, daktari alishasema. Kilichochoka si goti.

"Dogo, ukifungwa ugenini unafunga begi peke yako," alisema. "Hakuna hata wa kukuzomea."

Nikajitolea kusafiri naye, kwa maana kuzomea naweza. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno. Kwetu Walutheri kila mtu huleta alichovuna, na ibada ikiisha vitu vinanadiwa nje. Dada akapeleka raketi yake nzuri kuliko zote. Akailaza madhabahuni kati ya mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, kama mtu anayelaza mtoto. Nilitaka kusema kitu, mama akanifinya.

Nje, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliigeuza juu chini. "Washarika, hili ni chekeche la kizungu," akatangaza. "Unga wako utapita wote, pamoja na mawe."

Bibi mmoja wa kwaya akainunua. Halafu, kama desturi yetu ilivyo mtu akitaka sadaka izae tena, akasema irudishwe mnadani. Akainunua fundi baiskeli, akaipunga hewani kidogo, naye akairudisha. Wakafuata kinamama, wakafuata vijana wa kwaya. Jogoo akaondoka na aliyemnunua, ndizi zikaondoka, mayai yakaondoka. Raketi ikabaki inaelea mkono hadi mkono katika jua lile la kichovu, nyuzi zake zikimulika nyuso za watu, na watu wenyewe wakiwa wamepunguza sauti bila kuambiwa. Nilijigusa shavu kuhakikisha siko kitandani.

Mzee akajikuna kichwa. "Chombo hiki kina mapepo? Kila mtu ananunua, hakuna anayekwenda nacho nyumbani."

"Hakina mapepo," mama akasema, polepole. "Kina mwenyewe."

Hakuna aliyegeuka kumtazama dada, na kutotazamwa kule nadhani kulimwelemea kuliko macho. Alichezea pindo la kitenge. Kisha akanyoosha mkono na kutaja bei. Mimi nami nikanyoosha wangu nimpandishie, mama akaushusha.

"Binti," mzee akauliza, "ulicholeta mwenyewe unakinunua?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unakirudisha?"

Nikamwona akivuta pumzi, ile anayovuta kabla ya kuanzisha mpira.

"Hapana. Naondoka nacho. Alhamisi nina safari ya Nairobi."

Tulirudi kwa miguu, ukungu ukiwa umeanza kushuka tena kutoka mlimani. Yeye alitembea mbele, akipiga mipira ambayo hatukuiona, na mimi nyuma nikawa naikwepa.