Kamati ya Kwenda Kilwa

Daftari la vikao ninalo bado, kaunta buku jeusi lenye kona zilizolika. Kikao cha kwanza kilikaa Jumapili ya mwisho ya Februari, baada ya ibada, kwenye stoo ya duka la jumla la kaka yangu, Kariakoo. Viti vilikuwa viwili, kimoja cha mama na kingine cha kaka. Sisi wengine tulikaa juu ya marobota ya vitenge. Agenda ilikuwa moja: likizo ya Juni, familia nzima iende Kilwa, watoto wakaogelee baharini, mama akaone magofu.

Magofu ndiyo yalikuwa safari yenyewe. Mama alifundisha historia kwenye shule ya msingi Buguruni kwa miaka thelathini na moja. Kitabu alichotumia kilikuwa na picha moja ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nyeusi na nyeupe, iliyokatwa vibaya upande wa kulia. Unaona nguzo, unaona matao, kuba moja na nusu, halafu ukingo wa karatasi. Kila mwaka aliichora ubaoni kwa chaki mpaka pale ilipokatwa. Mtoto akiuliza mbele yake kuna nini, alijibu, "Hata mimi sijui. Siku moja nitaenda kuangalia." Nilimsikia akijibu hivyo nikiwa darasani kwake.

Januari ya mwaka ule daktari wa macho alitueleza, yeye na mimi, kwamba presha ya macho ilikuwa imeshakula uwezo wake wa kuona pembeni. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, kwa muda ambao daktari hakutaka kuutaja. Kwenye ngazi za hospitali mama alinishika mkono.

"Kama mna mpango wa kunipeleka Kilwa," alisema, "nipelekeni nikiwa bado naona."

Ningeweza kumpeleka wiki ile ile. Basi la asubuhi linaondoka Mbagala, mchana uko Kilwa Masoko, na kutoka pale ni boti kidogo tu kufika kisiwani. Nimeandika habari maisha yangu yote, mambo ya namna hiyo nayajua bila kuuliza. Badala yake nilimpigia simu kaka.

Sisi ni watu wa Kilimanjaro tulioshukia Kariakoo tukabaki, na hatujui kufanya jambo bila kamati. Harusi, msiba, kipaimara, hata kuhamisha kabati la bibi kutoka Ilala, lazima awepo mwenyekiti na awepo katibu. Kaka amekuwa mwenyekiti wa harusi nyingi kiasi kwamba sauti yake hubadilika akishika kalamu.

"Hili ni jambo la mama," alisema kwenye kikao kile cha kwanza. "Tusilifanye kihuni. Tuunde kamati."

"Kamati ya watu wanne, bro?" aliuliza mdogo wetu wa kike, anayefanya kazi benki mjini. "Wajumbe nani, panya wa stoo?"

"Wewe ndiye mjumbe. Na panya wana nidhamu kukuzidi."

Mimi nikawa katibu. Wifi yangu, mke wa kaka, akapewa mavazi na chakula. Mama akawa mlezi.

"Mlezi ana kura?" aliuliza.

"Mlezi analelewa, mama. Tulia tu ule maisha."

Alicheka sana. Niliandika: Mlezi ameridhia.

Juni haikuwezekana. Wateja wa Zambia na Kongo wanajaa Kariakoo miezi ile, na kontena la kaka lilikuwa bado majini. Duka haliwezi kubaki bila mwenyewe. Sisi sote tulisomeshwa na duka lile, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Tukasogeza hadi Septemba. Septemba mdogo wetu alinyimwa likizo. Hata hivyo vikao havikusimama, na ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba safari imesimama. Tuliamua gari. Tuliamua nyumba ya kulala, iliyo karibu na ufukwe, yenye jenereta. Vikao viwili vizima vilikwisha kwenye sare, maana wifi alisema familia haiwezi kupiga picha mbele ya kitu cha miaka mia saba kila mtu kavaa lake.

Ilikuwa Oktoba wifi alipoleta vitenge vitatu na kuvitandika juu ya robota mbele ya mama, kimoja katikati, viwili pembeni.

"Bibi, chagua wewe," alisema, akimwita kama watoto wake wanavyomwita.

Mama aliinama. Akashika cha katikati, akakisugua kwa vidole.

"Hiki kizuri," alisema. "Vingine viko wapi?"

Wote wakacheka. "Bibi ana dharau huyu," wifi alisema. "Yaani vitenge vya watu hajaviona kabisa." Mama naye akacheka, akichelewa kidogo kuliko wengine.

Mimi sikucheka. Niliona macho yake yalivyotazama pale katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Niliona mkono wake wa kushoto ukiwa juu kabisa ya kitenge cha pili bila yeye kujua. Kazi yangu ni kuona vitu kama hivyo. Niliandika: Mlezi amechagua kitenge cha katikati.

Desemba watu wetu wote huenda nyumbani Moshi, hilo halihitaji kikao. Mdogo wetu alijaribu. Alisema, mwaka huu mmoja tu, tusiende kaskazini, tuende kusini. Kaka alimtazama kama aliyependekeza tuuze kihamba, shamba la ukoo.

"Krismasi uko Kilwa, wazee wakuulize ulikuwa wapi, utawajibu nini? Ulikuwa unaogelea?"

Mama alisema taratibu, "Moshi naijua kwa miguu, baba. Hata gizani nafika." Kaka alidhani anamuunga mkono. Akamshukuru.

Tulikwenda Moshi. Tulirudi, kisha mvua za masika zikaharibu barabara ya kusini, tukaahirisha tena, na mara hiyo hatukuwa hata na wa kumlaumu. Kitenge kilishonwa. Kikao cha baada ya Pasaka kilikuwa kifupi.

Mwezi Mei nilipita Ilala asubuhi kumwangalia. Nilisimama mlangoni, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba akigeukia dirishani, si mlangoni. Kisha akanimiminia chai. Alikuwa ameingiza kidole ndani ya kikombe, akingoja chai imguse ndipo aache kumimina.

"Mama, tangu lini?"

"Nini?"

"Kidole."

Aliifuta mikono yake kwa khanga. "Tangu Pasaka. Sasa ni mwanga na kivuli tu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wapi? Kwenye mengineyo?"

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Kikao cha baada ya Pasaka, mwandiko wangu mwenyewe, umenyooka: Hakukuwa na mengineyo.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia kaka yote, kabla wengine hawajafika. Alikaa kwenye kiti chake, akaifunika kalamu yake. Mama alipoingia ameshikwa mkono na wifi, alikuwa amevaa ile sare. Nadhani alifikiri sote tumevaa. Hakuna mwingine aliyeivaa.

"Tunaenda kesho," kaka alisema, sauti ya uenyekiti imempotea. "Nafunga duka. Kesho asubuhi, mama."

"Kwenda kuona nini, baba?"

Mdogo wetu alitoa simu, akatafuta picha ya msikiti, ya rangi, isiyokatwa. Akachuchumaa karibu na goti la mama. "Ngoja nikwambie, mama. Upande wa kulia, baada ya ile kuba, kuna—"

Mama alinyoosha mkono, akaufunika uso wa simu. Aliupata mara moja, sijui vipi.

"Usiniambie," alisema. "Kuambiwa nimeambiwa miaka yote. Mimi nilitaka kuangalia."

Nje watu walikuwa wakivuta mikokoteni mitupu kurudi uchochoroni. Kaka aligeuka kwangu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akauliza kama mtoto, "Katibu, sasa tunaandika nini?"

Nilikuwa na kalamu. Niliandika tarehe tu.

"Andikeni mmefunga saa ngapi," mama alisema. "Halafu mtu anirudishe nyumbani."

Niliangalia saa. Niliandika: Kikao kimefungwa saa kumi na dakika ishirini.