Nyumba Ambayo Haikuugua

Mwaka wa 1953, mvua zilipokwisha, kuhara damu kuliingia katika kijiji kimoja cha ukingoni mwa Newala, na katika juma moja walizikwa watoto wanne. Wa tatu alikuwa Somoe, mtoto pekee wa Mwanaisha na mumewe Mrisho.

Kijiji kiko juu ya uwanda ulioinuka, na kule maji ni taabu. Mchanga unayanywa yote. Aliyetaka maji ya chemchemi alishuka genge, ule mteremko mkali wa ukingoni, kwa saa mbili, akapanda kwa tatu na mtungi kichwani. Ndiyo maana wanakijiji walichimba shimo kubwa la kukinga mvua, na karibu kila nyumba ilinywa humo.

Nyumba moja tu haikupata mgonjwa: ya Bibi Sijaona, mjane aliyelea wajukuu watatu. Kwa watu, hilo lilitosha. Wakasema amewatoa kafara watoto wa wenzake ili wake wapone, wakamtaka Mwanaisha, ambaye msiba wake ulikuwa mbichi, aende kwa jumbe akamtaje.

Mwanaisha hakukataa. Aliyaamini waliyosema, maana uchungu hutafuta mtu. Lakini alitaka kwanza kumtazama yule mama usoni. Asubuhi alimkuta anatoka na mtungi. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, wakashuka genge pamoja. Walipofika chemchemini ndipo akamwuliza kwa nini anajitesa na uzee wake, ilhali shimo liko karibu.

"Maji ya shimo yananuka tangu mwaka jana, mwanangu," alisema Bibi Sijaona. "Niliwaambia, wakanicheka. Wewe hukusikia harufu?"

Mwanaisha alikuwa ameisikia. Alidhani ni majani yaliyooza, akampa mtoto anywe.

Siku mbili alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mama maji yake aliyateka wapi. Nyumba kumi na nne zilinywa shimoni, na zote zilikuwa na wagonjwa. Kisha akapanda upande wa juu wa shimo kutazama kuna nini. Palikuwa na choo cha nyumba yake mwenyewe, hatua ishirini tu kutoka kwenye maji, naye hakuwahi kukihusisha na ile harufu. Mrisho ndiye aliyekichimba mwaka uliopita, serikali ilipoagiza kila nyumba iwe na choo, na alisifiwa kwa kuwatangulia wenzake.

Mwanaisha alimweleza Mrisho yote. Kesho yake Mrisho alijaza chupa kwa maji ya shimo, akaenda nayo kwa miguu hadi Newala mjini kwa bwana afya, kijana wa Masasi aliyeitwa Basil. Alipoambiwa kuna choo upande wa juu wa shimo, Basil alimwuliza ni cha nani.

"Choo ni changu," Mrisho alisema. "Na mtoto aliyekufa ni wangu."

Basil aliipeleka chupa ikapimwe, akaamuru maji yachemshwe. Jibu lilirudi baada ya majuma matano: yalikuwa na uchafu wa choo, hayafai kunywa. Wakati huo Mrisho alikwisha kulifukia shimo, mwanzo peke yake, halafu wengine wakachukua majembe.

Lakini majirani hawakuwa wamemsubiri Mwanaisha. Zile siku mbili alipokuwa akiuliza, walikwenda kwa jumbe wenyewe, na Bibi Sijaona akaamriwa kuhama. Alikwenda na wajukuu wake kwa kaka yake, katika kijiji cha Lupaso.

Mwanaisha alipanda lori la mizigo hadi Masasi, akatembea hadi Lupaso, akamkuta shambani anang'oa karanga. Alipiga magoti, akamweleza yote, pamoja na yale aliyokuwa ameyaamini. Akamwomba msamaha, akamsihi arudi.

"Nimekusamehe, Mama Somoe," alisema yule mama. "Kurudi siwezi. Walionifukuza niliwazalisha mimi."

Akampa karanga za njiani, akaendelea kung'oa.

Kwa miaka mingi Mwanaisha alishuka genge kila siku, na hata maji ya chemchemi aliyachemsha. Wanawake wengine walimfuata, mmoja mmoja. Bibi Sijaona alifia hukohuko Lupaso. Habari ilifika Newala kwa mdomo wa dereva wa lori, majuma matatu baada ya mazishi.