Hanywi, Hatoki, Ila Gemu la Vita Angani Limenichukulia Mume

Admin, naomba unifichie jina, watu wa Masasi tumejaa humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina mtoto mmoja, tumwite Asha, naishi Chiungutwa. Mume wangu ni mtu wa Newala. Tulipooana alihamia kwetu kama ilivyo desturi ya huku, mume kuhamia ukweni, na mjomba wangu, ndiye mkubwa wa ukoo, akatupa shamba la mikorosho tulitunze.

Shida ilianza alipoleta kompyuta ya mtumba. Siku hizi kila mtu anafungua biashara yake, naye akasema atachapa barua na kutoa kopi. Hakuna barua iliyochapwa. Humo kuna gemu la vita vya angani: unajenga ngome kwenye nyota, unatuma vibarua wachimbe madini, unaunda meli za kivita, na wenzake wa kwenye mtandao wanajenga hivyo hivyo waje wamvamie. Halisimami. Ukienda hata chooni, unarudi umeshachomwa. Basi hatoki. Mikorosho imetoa maua, salfa, dawa ya kuzuia ukungu, inatakiwa ipulizwe alfajiri majani yakiwa na umande, nikimwita anajibu, "Nakuja Mama Asha, wamenivamia." Napuliza mwenyewe, mashine mgongoni, narudi macho yanawasha, hata chai hajabandika. Lakini kibarua wake wa angani akijeruhiwa, anamrudisha nyuma akatibiwe.

Nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

Nikaeleza mpaka nikalia. Akaniuliza, "Anakunywa?" Hanywi. "Anakupiga?" Hajawahi. "Analala nje?" Atalala nje saa ngapi, mtu hatoki. "Sasa nimwite kikaoni nimwambie kakosa nini, kukaa nyumbani?" Mama naye akasema wenzangu wanaomba waume wa hivyo. Nikarudi zangu.

Wiki iliyopita nikajishusha. Nikavuta kigoda, nikakaa pembeni yake, nikamwambia, "Baba Asha, nionyeshe na mimi." Jamani alivyofurahi, sijamwona hivyo tangu mtoto azaliwe. Akanionyesha meli moja kubwa, ameiandika jina langu. Nasema kweli, nilisikia raha, nikajua kumbe huko huko ananikumbuka. Maadui walipokuja akaisukuma mbele peke yake. Wakaizunguka, ikawaka moto mpaka ikaisha, meli zake nyingine zikapita pembeni salama. Nikamuuliza mbona hukuiokoa. Akajibu bila kunigeukia, "Hiyo ndiyo ya kutanguliza, Mama Asha. Inavumilia sana kupigwa."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa mkorofi ningejua pa kuanzia. Sikugombana naye, nilinyanyuka nikaenda kupika, na tangu siku hiyo hata hasira sina, moyo umekufa tu. Nikimwambia arudi kwao Newala, ukoo utaniuliza kosa lake, na sina jibu ambalo mtu wa hapa atalielewa. Nikibaki, najua nafasi yangu ni ipi, ameshanionyesha.

Nyie mliokaa kwenye ndoa kunizidi, niambieni. Hili ni kosa la kuachana, au ni mimi nina nongwa? Nifanye nini, jamani?